Kamati Nzima Ilikuja Kunichagulia Digrii

Kuna chuo kimoja hapa London ambacho basi langu la kazini linapita mlangoni pake, na kila tukikikaribia mimi nageuka natazama upande wa pili, natazama maduka, natazama kisogo cha abiria wa mbele, chochote, kwa sababu nina hakika yule mlinzi wa getini akiniona atanikumbuka, na akinikumbuka atauliza wenzangu wako wapi. Nawasimulia hili nikiwa bado na hasira, niseme mapema msije mkashangaa. Nina hasira na nina shukrani, na vitu hivyo viwili vinaishi ndani yangu kama mke na mume walionuniana, kila mmoja na chumba chake.

Naitwa Upendo. Naishi Tottenham, ghorofa ya juu kwenye majumba ya halmashauri, mimi na binti yangu Tumaini, ambaye ana miaka sita na mdomo wa mtu wa sitini. (Baba yake yuko Birmingham na maisha yake. Simzungumzii, nina presha ya kutunza.) Kazi yangu ni kwenye nyumba ya wazee. Nilimaliza kidato cha nne nyumbani Morogoro, nikaja huku, nikazaa, nikaogesha wazee wa watu, na mahali fulani katikati ya kuogesha wazee wa watu nikagundua kwamba nataka kuwa daktari. Cheka tu, wengi wameshacheka kabla yako.

Sasa udaktari wa huku haumsubiri mtu. Nilikuwa namalizia kozi ya maandalizi ya watu wazima, ile ya jioni, na alama zangu zilikuwa za kuniingiza chuo lakini si za kuniingiza udaktari moja kwa moja. Ilibaki njia ya kuzunguka: unasoma kwanza digrii nyingine, unaifaulu vizuri, halafu ndiyo unaomba udaktari ukiwa na digrii yako mkononi. Na hapo ndipo penye mtego. Ukiichagua vibaya hiyo ya kwanza, ukaipata kwa kuchechemea, basi udaktari umeusikia kwa jirani, na wewe umeshakula miaka ya mtoto wako bure. Mimi miaka ya kuchezea sina. Kwa hiyo swali lililokuwa linaninyima usingizi lilikuwa hilo moja: nisome nini kwanza?

Ningeweza kumuuliza mwalimu wangu wa jioni, mtu mpole, angenijibu kwa dakika tano. Badala yake, siku hiyo nimesimama kwenye treni ya Victoria, mkono mmoja umeshika chuma mwingine umeshika simu, nikaandika kwenye grupu la wasap la wanawake wetu: "Jamani dada zangu, mtu anayetaka udaktari baadaye asome digrii gani kwanza?" Nikaweka na ile mikono ya kuomba. Treni ikaingia sehemu ambayo simu haishiki mtandao. Nilipotoka juu nikakuta nina kamati.

Sisi Watanzania mtatuvumilia. Mtu akioa, kamati. Akifiwa, kamati. Mtoto akipata kipaimara, kamati, na kikao cha kuvunja kamati ambacho nacho kina kamati yake ya chakula. Lakini kamati ya kumchagulia mtu mzima somo sikuwahi kuisikia mpaka ilipokuwa ya kwangu. Mwenyekiti alijiteua mwenyewe, Mama Gasper, nesi wa siku nyingi na kiongozi wa kwaya kanisani kwetu, mwanamke ambaye akikohoa watu wanakaa kwenye viti vyao. Katibu akapatikana. Mshereheshaji akapatikana (wa kusherehesha nini, sijui mpaka leo). Na mtu wa kuuliza maswali akawa Bi Zuhura wa Pemba, mama mtu mzima, anayekwenda msikitini na sisi tunakwenda kanisani lakini kwenye grupu tunakutana, na ambaye hakuna binti wa Kitanzania kaskazini mwa London aliyeolewa bila Bi Zuhura kwenda kwanza kumpekua bwana harusi. Anaijua kazi yake. Kuna wanaume walioacha chai mezani wakaondoka.

Kikao kikafanyika kwa Mama Gasper, kwa pilau. Uamuzi ukafikiwa kabla pilau halijapakuliwa: Upendo asome Biomedikali, ile sayansi ya tiba ya maabara. Sababu? Mtoto wa fulani alisoma Biomedikali na leo ni daktari Manchester. Huyo fulani ni nani, hakuna aliyekuwa anamjua kwa sura, lakini wote walikuwa wamemsikia. Mimi mwenyewe wakati huo nilikuwa jikoni nakatia kachumbari kamati yangu. Nilisikia makofi, nikatoka na kisu mkononi, nikaambiwa nishukuru. Nikashukuru.

Na ukweli sikuusema. Ukweli ni kwamba kazini kwetu alikuwepo mzee mmoja Mjamaika, Mzee Winston, kiharusi kilimchukua upande mmoja na maneno yote. Kulikuwa na dada mmoja mtaalamu aliyekuwa anakuja kumfundisha upya kumeza na kusema, na mimi ndiye niliyekuwa namshikia kikombe na kurudia naye mazoezi dada akishaondoka. Ilikwenda hivyo muda mrefu, sauti tu, mm, mm, hadi asubuhi moja nimempa chai akanitazama akasema wazi kabisa kwamba chai ile ni mbaya. Nilikwenda stoo ya mashuka nikalia. Hiyo ndiyo digrii niliyokuwa naitaka, ile ya yule dada, tiba ya usemi, nisome kwanza hiyo halafu ndiyo niende udaktari. Ila nikaona nitaonekana mjinga, mtu anayetaka kwenda Dodoma kwa kupitia Tanga. Biomedikali ilikuwa na kemia nyingi, na mimi na kemia tuna historia. Kidato cha nne nilipata alama ambayo sitaitaja hapa, na kwenye kozi ya jioni nilikuwa naifanyia mazoezi juu ya sinki la jikoni, kwa sababu nilikuwa nalia na sinki lipo karibu.

Ikafika Jumamosi ambayo chuo kinafungua milango watu waje kukitazama. Nilipanga kwenda na Tumaini tu. Kosa langu nilimtajia Mama Gasper siku.

"Posa haendi mtu mmoja," akasema.

"Mama, si posa. Ni kuangalia tu madarasa."

"Wewe wanakuchukua hawakuchukui?"

"Wakinikubali, wananichukua."

"Basi ni posa."

Nikamwambia kule lazima mtu ajiandikishe kwenye mtandao, hawaruhusu kujaa, nikadhani hapo nimefunga mjadala. Mama Gasper hafungiwi mjadala. Akaelekeza kamati nzima ijiandikishe. Na kwa kuwa ule ukurasa wa kujiandikisha ulikuwa unauliza tu jina na somo unalotaka kusoma, wote wakajaza majina yao na wote wakajaza Biomedikali.

Ninafika getini Jumamosi ile, nimevaa koti langu jeusi la heshima, namwona Mama Gasper. Kitenge cha njano ya binzari chenye ndege wa bluu. Nyuma yake mwingine, kitenge cha njano, ndege wa bluu. Nyuma yake mwingine. Walikuwa wamejipanga kando ya geti kama wanaosubiri kuingiza bibi harusi ukumbini, na mlinzi amesimama anawatazama kwa adabu ya mtu ambaye hakuambiwa na mkubwa wake kwamba kuna jambo hili. Bi Zuhura ndiye pekee aliyekuwa na buibui, lakini ushungi ulikuwa wa kitenge kilekile.

"Cha kwako hiki hapa," Mama Gasper akanipa mfuko. "Nenda chooni kavae."

"Mama Gasper, sivai."

"Fundi amekesha."

Nikavaa. Hapa ninasimulia aibu, si ushujaa. Tumaini naye akapewa kidogo cha kwake, akafurahi sana, msaliti.

Mezani pale mapokezi kila mmoja akapewa kibandiko cha jina cha kuweka kifuani, na chini ya jina kimeandikwa kwamba huyu ni mwanafunzi mtarajiwa. Mama Gasper, mwanafunzi mtarajiwa. Mshereheshaji, mwanafunzi mtarajiwa. Bi Zuhura, ambaye ana vitukuu, mwanafunzi mtarajiwa wa Biomedikali. Kijana aliyekuwa anatuongoza, mvulana mpole mwenye fulana ya zambarau, akamuinamia Bi Zuhura akamuuliza kwa heshima kilichomvutia kwenye somo hili ni nini.

Bi Zuhura akanigeukia. "Anasemaje huyu mtoto?"

"Anauliza kwa nini unataka kusoma."

"Mwambie mie nshasoma. Nimekuja kuwasoma wao."

Sikutafsiri. Nilisema tu kwamba anapenda sayansi.

Darasa walilotupangia lilikuwa dogo. Tukakaa sisi, safu mbili za njano, na watoto wa watu waliokuja kweli kutafuta chuo, wenye miaka kumi na saba na wazazi wao, wakabaki wamesimama ukutani. Baba mmoja akaanza kulalamika kwa sauti ya chini ile ya Kiingereza inayosikika hadi Wembley. Mwalimu wa somo, mwanamume mrefu mwenye miwani, akatutazama, akasafisha koo, akaomba wale ambao kweli wanaomba kujiunga mwaka huu wanyooshe mikono. Mimi mkono wangu ulikuwa mzito. Mama Gasper akaunyoosha. Aliushika kwenye kiwiko akaupandisha juu, kama refa na bondia, akasema kwa Kiingereza chake cha wodini, "Ni huyu. Sisi wengine ni familia."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, lakini wakacheka. Ningepata tundu sakafuni ningeingia na kitenge changu.

Akaanza kueleza somo lake, picha moja, picha ya pili, na alipofika kusema kwamba baadhi ya wanafunzi wake baadaye huenda kusomea udaktari, mshereheshaji wetu akapiga kigelegele. Kimoja tu, lakini kirefu. Mwalimu akashtuka akabonyeza picha tatu kwa mpigo. Mtoto mmoja ukutani akatoa simu kurekodi. (Katibu wetu naye alikuwa anarekodi tangu getini. Ile video ilifika kwa mama yangu Morogoro kabla mimi sijafika nyumbani, na mama akajibu kwa kuuliza bwana harusi yuko wapi.)

Halafu akauliza kama kuna maswali, na Bi Zuhura akasimama.

Muelewe kwamba Bi Zuhura Kiingereza anakisikia akitaka, lakini hakisemi, anasema kinamkwaruza. Kwa hiyo mtafsiri nilikuwa mimi. Nilisimamishwa mbele ya watu nitafsiri posa yangu mwenyewe.

"Mwambie hivi. Hawa wanaoingia kwako wakitaka udaktari, wanaofika ni wengi au wachache?"

Nikamwambia mwalimu kwamba mama yetu angependa kujua kidogo kuhusu nafasi za baadaye.

"Sivyo alivyosema," Mama Gasper akadakia, akaitafsiri upya, neno kwa neno, na darasa zima likamgeukia mwalimu, kwa sababu lilikuwa swali ambalo kila mzazi pale alikuwa nalo na hakuna aliyethubutu kulitoa.

Yule mwalimu akavua miwani. Mungu ambariki, hakutudanganya. Akasema ni wachache. Si kwa kuwa wajinga, ila nafasi ni chache na waombaji ni wengi, na mtu asije kwake akidhani Biomedikali ni mlango wa nyuma wa udaktari.

"Na hao wasiofika?" Bi Zuhura bado amesimama.

Akasema wengine hufanya kazi za maabara na wanazipenda, wengine huendelea kusoma, na wengine, hapa akasita, wengine wanamaliza na kuanza kutafuta upya wanachotaka.

"Mchumba hana nyumba," Bi Zuhura akatuambia, akakaa.

Mama Gasper yeye hakukaa. Akauliza kama ni lazima mtu apitie Biomedikali. Mwalimu akasema hapana. Vyuo vingi vinavyochukua watu wenye digrii kwenda udaktari havijali sana ni digrii gani, vinajali umeifaulu vipi na mtihani wao wa kuingilia. Vingine vinataka ya sayansi, kwa hiyo mtu asome masharti ya kila chuo kabla hajachagua. Halafu akasema neno ambalo nimelibandika kwenye friji. Akasema, somea kile utakachokifaulu vizuri, na ambacho udaktari usipokuja hutajuta kuamka nacho asubuhi.

Na hapo hapo binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia chote na hajibu hata neno, akasema kwa Kiingereza chake cha Tottenham, sauti ya kengele ya shule: "Lakini mama anachukia kemia. Analia kwenye sinki. Anataka ile ya kufundisha mababu kuongea."

Nimeshaogesha watu wazima wasio ndugu zangu. Nimeshatapikiwa. Sijawahi kuwa uchi kama dakika ile.

Mama Gasper akanigeukia taratibu. "Upendo. Ni kweli?"

Na hapo ndipo hasira ikanitoka, yote, mbele ya yule baba wa ukutani na kijana wa zambarau. Nikasema, kwa Kiswahili na kwa sauti, mliniuliza lini? Mmekula pilau, mmepiga kura, mmeshona nguo, mmejiandikisha hadi Bi Zuhura, nani aliniuliza? Kila mtu ananivaa kama nguo. Mimi ndiye nitakayesoma, mimi ndiye nitakayefeli, na nikifeli mtakuja na kamati ya msiba.

Mshereheshaji akatazama viatu vyake. Nilijua nimevunja kitu, hawa ni wanawake waliokaa na Tumaini nikiwa zamu, waliolala hospitali nami nilipojifungua peke yangu, na mimi nimewapayukia kwenye chuo cha watu.

Mama Gasper akakohoa. Wakakaa vizuri wote, hata Waingereza.

"Hatukuuliza," akasema. "Na wewe hukusema. Ulitoka jikoni na kisu ukatushukuru." Akafunga mkoba wake. "Hiyo nyingine iko chumba gani?"

Tukainuka. Mama Gasper akamshukuru mwalimu kwa niaba ya familia, Bi Zuhura akamwambia ni mwanamume mkweli na Mungu ampe mke mwema (hiyo niliitafsiri, akasema anaye), na tukatoka, ndege wa bluu kwa mstari, mimi uso unawaka moto, tukateremka ngazi hadi meza ya tiba ya usemi, ambako mwanamke mmoja alikuwa tayari anakunja bango lake. Alipotuona akalikunjua.

Naye akapekuliwa. Bi Zuhura akauliza kama kazi ipo baada ya digrii, ipo. Akauliza kama wamewahi kutoka watu kwake wakaenda udaktari, akasema wamo, si wengi, na itabidi waangalie vyuo vinavyowakubali. Akauliza, na hili mimi nisingeuliza hata kwa kulipwa, nikiogopa wataona ninajitetea kabla sijaanza, kama mwanamke mwenye mtoto na asiye na mume huwa anamaliza kozi hii au anaishia njiani. Yule mwanamke akaanza kueleza yale majuma ya mazoezi hospitalini, asubuhi na mapema, wakati mwingine mbali, akasema hapo ndipo wengi wenye watoto hushindwa, si darasani.

Bi Zuhura akaangalia kamati. "Huyu ana nyumba. Ila nyumba yake ina ngazi nyingi."

Kwenye mgahawa wa chuo, juu ya chapati zilizotoka mkobani na si mgahawani, kamati ikakaa kikao. Safari hii nilikuwa mezani. Mama Gasper akauliza mbele ya wote nataka nini, nikasema, wakanisikiliza hadi nikamaliza. Hakuna aliyepiga kura. Wakapanga zamu: nani atampeleka Tumaini shule nikiwa hospitali za mbali, nani atamchukua, nani analala kwangu. Bi Zuhura akachukua Ijumaa, akasema baada ya swala atamfundisha Kiswahili cha kujibu, maana cha kusikia anacho na amekitumia vibaya. Tumaini akasema kwa Kiingereza kwamba yeye alisema ukweli tu. Akapewa chapati ya pili.

Sasa naingia mwaka wa pili wa tiba ya usemi, kwenye chuo kingine ambacho mlinzi wake hanijui, na siku zisizo za darasa bado naogesha wazee. Ijumaa ni ya Bi Zuhura hadi leo. Mzee Winston bado anaisema vibaya chai yangu, siku hizi kwa sentensi ndefu. Udaktari sijaupata na inawezekana nisiupate, lakini sijalia kwenye sinki tangu siku ile.

Nimejiapiza sitaandika tena swali lolote kwenye lile grupu, hata la bei ya ndizi. Na siku nikiitwa kwenye usaili wa udaktari, kama nitaitwa, sitamwambia mtu. Nitavaa koti langu jeusi, nitakwenda peke yangu, na simu nitaizima getini.

Nikitoka nitaiwasha kabla sijafika hata kwenye ngazi.